Kabla ya Kuuliza CC, Uliza Kemshafti Iko Wapi

Mtu akija gereji kuniomba ushauri wa pikipiki ya kununua, swali lake la kwanza huwa ni cc ngapi, la pili ni bei. Yote mawili ni ya haki. Ila mimi kazi yangu hapa Ifakara ni kufungua injini hizi, na ninachokikuta ndani kinanifanya nianze na swali jingine: kemshafti yake iko juu au iko chini? Kwa mtu anayetoa fedha ya mpunga wa msimu mzima anunue chombo cha kumlisha yeye na wanawe, jibu la swali hilo lina uzito kuliko stika ya 150 iliyobandikwa ubavuni.

Kemshafti ni shafti fupi yenye vinundu. Ikizunguka, vinundu vyake hufungua valvu kwa zamu: moja iingize hewa iliyochanganyika na petroli, nyingine itoe moshi. Injini zote za pikipiki za bei nafuu tunazoletewa kutoka China na India hufanya kazi hiyo hiyo. Kinachotofautiana ni mahali shafti ilipowekwa. Katika aina ya kwanza iko chini, jirani na krenki (shafti kuu ya injini), nayo huzungushwa na gia; shafti husukuma fito mbili nyembamba, pushirodi, zinazopanda hadi kwenye hedi iliyo juu ya silinda na kubonyeza roka, nazo roka hufungua valvu. Katika aina ya pili kemshafti imekaa juu kabisa, ndani ya hedi yenyewe, ikivutwa na taiming cheni inayotoka kwenye krenki.

Aina ya pushirodi mafundi tunaiita CG, na jina hilo lina historia yake. Mwaka 1976 Honda walitoa pikipiki ya CG125. Tayari walikuwa na CB125, injini nzuri yenye kemshafti juu. Lakini wahandisi wao walikuwa wameona jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi kama zetu: mzigo mzito kupita kiasi, barabara ya vumbi, na oili ambayo haibadilishwi mpaka iwe nyeusi tii. Injini yenye kemshafti juu haivumilii maisha hayo. Wakaishusha kemshafti chini. Linalonivutia ni kwamba Honda hao hao, kwenye Super Cub iliyotoka mwaka 1958, walianza na pushirodi, na katika miaka ya 1960 wakapandisha kemshafti juu ili injini izunguke kwa kasi zaidi. Kwa hiyo CG haikutokana na kutojua teknolojia mpya. Watu waliokuwa nayo mkononi waliamua kwa makusudi kurudi kwenye ya zamani, kwa kumfikiria mtumiaji aliye mbali na fundi.

Viwanda vya China, vingi vikiwa katika jiji la Chongqing, vilichukua muundo huo na kuuzalisha kwa wingi mno. Ndiyo maana ukifungua pikipiki tatu za Kichina zenye majina matatu tofauti kwenye tangi, unaweza kukuta injini ile ile.

Utaitambuaje dukani? Inama utazame chini ya injini, palipogongwa namba kwenye chuma. Mara nyingi utasoma 156FMI au 162FMJ. Namba 1 ya mwanzo ni idadi ya silinda. Mbili zinazofuata, 56 au 62, ni kipenyo cha silinda kwa milimita. F inaonyesha injini inapozwa kwa hewa, M ni injini ya pikipiki, na herufi ya mwisho ni daraja la ukubwa: I kwa 125, J kwa 150. Ukipenda, hesabu mwenyewe. Silinda ya milimita 62 ambayo pistoni yake inapanda na kushuka milimita 49.5 inakupa cc 149.4. Boxer BM 150 ya India, ambayo wengi huitaja kama kipimo cha pikipiki zote, ina cc 144.8. Pengo hilo hutalisikia mlimani.

Namba hizo hazikuambii lolote kuhusu kemshafti, kwa hiyo tazama pia nyuma ya silinda, chini ya kabureta. Ukiona kidubwasha kimefungwa kwa bolti mbili, hiyo ni tenshena inayokaza taiming cheni, basi kemshafti iko juu. Ukikuta pametulia, hakuna kitu, hiyo ni CG.

Sasa nieleze ninachokiona mezani. Injini yenye kemshafti juu inategemea pampu ipandishe oili kupitia tundu jembamba hadi kwenye hedi. Hedi ndiyo ya mwisho kupata na ya kwanza kukosa. Oili ikipungua, au fundi akipaka silikoni nyingi kwenye gasketi na kipande kikaenda kuziba tundu, pikipiki itaendelea kutembea kwa muda kama haina shida. Kisha itaanza mlio mkavu juu. Ukivua kifuniko unakuta vinundu vimelika. Pitisha dole gumba: mahali palipotakiwa kuwa laini pana ukingo unaokwaruza, na chuma kimebadilika rangi kuwa bluu kwa joto. Roka nazo zimechimbika. Hapo utanunua kemshafti, roka mbili, mara nyingi na hedi yenyewe, kwa sababu kwenye baadhi ya injini hizi kemshafti huzunguka moja kwa moja kwenye aluminiamu bila beringi.

Kwenye CG, kemshafti iko chini kwenye oili inayorushwa na krenki. Juu zimebaki roka tu, ambazo hazizunguki, zinainuka na kushuka. Zinahitaji oili pia, wala mtu asidanganyike, lakini zinasamehe kwa muda mrefu zaidi. Na hedi yake inafunguliwa na kurudishwa bila kupanga alama za taiming cheni, jambo ambalo fundi wa kijijini akilikosea kwa meno machache, valvu inaweza kugonga pistoni.

Mpwa wangu analima Mlimba. Alinijia baada ya mavuno.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Za Mlimba?"

"Nzuri tu. Nimepata fedha ya Boxer, mjomba. Ila jamaa wananiambia kwa Mchina wa 150 nitabakiwa na ya mbolea."

"Fundi wako kule nani?"

"Kuna kijana pale karibu na stesheni. Ana spana, bisibisi na nyundo."

"Na oili?"

"Ya kupimiwa. Dukani wanauza kwenye chupa za maji."

Nilimwambia achukue CG, na nikamweleza bila kumficha atakachokosa. Fito ndefu zinazopanda na kushuka zina uzito wake. Haziwezi kufuata kasi kubwa. Ukiikamua CG kwenye lami kwa saa nzima, inatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi, ingawa zipo zilizowekewa shafti ya kupunguza mtetemo. Ina kelele za tapeti hata ikiwa nzima. Tena, muundo ni mmoja lakini chuma si kimoja: kuna kiwanda kinachotoa kemshafti ngumu na kingine kinatoa laini, na nje zinafanana. Hapo msaada ni kumuuliza fundi anayezifungua ni jina gani la tangi linalorudi kwake mapema.

Kwa kijana wa bodaboda wa hapa mjini ninasema tofauti, na ninasema kwa moyo mweupe. Chukua Boxer, au TVS HLX, zote za India, zote zenye kemshafti juu. Unazunguka siku nzima kwenye barabara nzuri, injini iliyotulia inakupunguzia petroli, na duka la spea liko hatua chache kutoka kijiweni. Boxer imeenea kwa sababu ya spea kuliko kwa sababu ya injini. Kitu chochote chake kinapatikana, na siku ukitaka kuiuza hutatafuta mteja wiki nzima. Ila pikipiki iliyo kwenye mkataba, ambayo kijana humlipa tajiri mwenye chombo kila siku mpaka iwe yake, inaniumiza roho. Kijana anakimbizana na hesabu ya siku, anaahirisha oili ili tajiri asilalamike, na hedi inakufa kabla mkataba haujaisha. Tajiri mwenye akili angetoa oili yeye mwenyewe. Ni lita moja tu, au inazidi kidogo.

Oili hiyo moja inalainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Kwa hiyo usiweke ya gari. Baadhi yake ina viungo vya kuteleza vinavyoifanya klachi ishindwe kushika. Tafuta ya pikipiki, 20W-50, yenye maandishi JASO MA kwenye kopo. Ile ya chupa ya maji nilimkataza mpwa wangu moja kwa moja. Anabeba makopo yake kutoka hapa. Injini nyingi za CG hazina filta ya karatasi, zina wavu mdogo wa chuma chini, na uchafu ambao haukunaswa unaendelea kuzunguka humo humo mpaka umwage. Mimi nasema mwaga ya kwanza kwenye kilomita 500, wavu utoe uoshe, kisha, ukiwa unabeba mizigo, usivuke kilomita 2,000 kabla ya kumwaga tena.

Siku ya kununua, kumbuka kwamba pikipiki nyingi husafirishwa zikiwa vipande kwenye maboksi, na vijana wa dukani ndio wanaozifunga, kwa haraka. Kaza upya bolti za sproketi, ekseli na usukani. Mwambie fundi wako apime tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu, injini ikiwa ya baridi. Kwenye CG125 Honda walipanga milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Iwashe mwenyewe, usikubali iliyokwisha kupashwa moto kabla hujafika, maana injini ya moto inaficha ugumu wa kuwaka. Halafu linganisha namba ya injini na ya chesisi na zilizoandikwa kwenye kadi ya TRA, tarakimu kwa tarakimu, ukiwa bado umesimama pale dukani na risiti haijaandikwa.