Darsa ya Saa ya Chakula

Elimu haikuwekewa mlango mmoja. Wazee wetu waliitafuta chuoni, barazani na safarini; na leo imezuka njia nyingine ambayo yatupasa tuijue, tuipime, na tuchume humo lenye manufaa kwa watoto wetu.

Katika Marekani wako watu waliojikusanya katika vyama vya kutetea mazingira, yaani kulinda maji, hewa, ardhi na misitu visiharibiwe. Vyama hivi si vya jana: Sierra Club, kilicho mashuhuri miongoni mwao, kilianzishwa mwaka 1892. Na ada ya wafanya kazi wengi wa huko ni kuchukua chakula katika mfuko wa karatasi, wakakutana saa ya mapumziko ya mchana, huku wanakula na huku wanamsikiliza mtaalamu. Ulipoenea ugonjwa wa korona mwaka 2020, na watu wakazuiwa wasikusanyike, darsa za namna hii zilihamia kwa wingi kwenye intaneti. Msemaji hueleza jambo lake, kisha wasikilizaji humwuliza. Hivyo hata aliyeko Tanga au Lamu aweza kuhudhuria, maadamu ana simu na anafahamu Kiingereza.

Huenda mtu akasema: mambo ya maji ya Wamarekani yatuhusu nini sisi? Basi na atazame mfano huu.

Mwezi wa Aprili 2014 mji wa Flint, katika jimbo la Michigan, uliacha maji yaliyokuwa yakitoka Detroit, ukaanza kutumia ya mto wake ili kupunguza gharama. Maji hayo hayakutiwa dawa ya kuyazuia yasile mabomba. Yakayala, na madini ya risasi yakaingia katika vikombe vya watu. Wakazi walipolalamika kwamba maji yana rangi na harufu, wakuu waliwaambia kuwa ni salama. LeeAnne Walters, mama wa watoto wanne, hakutosheka na neno hilo. Alijifunza habari za maji, akamwendea mtaalamu wa chuo kikuu, Marc Edwards, na maji ya majumbani yakapimwa. Septemba 2015 daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alionyesha kwamba risasi imezidi katika damu ya watoto. Oktoba mji ukarudi kwenye maji ya Detroit.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya ng'ambo tu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kilikuwako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Phyllis Omido alikuwa mtumishi humo. Mtoto wake mchanga akaugua, na hatimaye ikajulikana kwamba ni risasi, iliyompata kwa maziwa ya mama yake. Omido aliwakusanya majirani, wakapaza sauti, na mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Mama wawili, mabara mawili, na sumu ni moja. Kilichowaokoa watoto ni kujua. Mama asiyejua atayachemsha maji akidhani ameyasafisha; kumbe kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi. Na sumu hii huharibu akili ya mtoto, wala hutaiona kwa macho. Hujulikana kwa kupimwa damu.

Kwa hiyo twawanasihi vijana wetu, ambao simu haziwatoki mikononi, watenge saa moja kwa darsa kama hizi. Saa sita za mchana za New York ni saa moja ya usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa mbili wakati wa baridi yao. Yaani watu wa nyumbani wamekwisha kusanyika baada ya Maghribi. Ikiadhiniwa Isha, swala na itangulie. Kwani darsa nyingi huhifadhiwa, na aliyekatizwa aweza kuirudia.

Kijana asisikilize peke yake, naye amefunga masikio kwa nyaya. Na amfasirie mama yake na bibi yake, kwani wao ndio watekao maji na kupika. Tena asikilize kwa mizani: mtetezi naye ana upande wake. Na aulize: nani aliyepima, alipima nini, na lini? Kuuliza si ujinga. Kisha ajiulize la kwao: betri kuukuu za mtaani petu huvunjiwa wapi, na watoto huchezea wapi?

Darsa isiyofika jikoni wala kisimani ni maneno yaliyopita na upepo. Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atuhifadhie watoto wetu. Amin.