Nyumba ya Walemavu: Huruma Peke Yake Haitoshi

Kila mtu anayeishi karibu na machimbo anaijua habari hii. Kijana anashuka shimoni asubuhi akiwa mzima. Udongo unaanguka. Wenzake wanamfukua, anatoka akiwa hai, lakini mgongo umevunjika na miguu haisikii tena. Siku za kwanza nyumba inajaa watu. Wachimbaji wenzake wanachanga pesa, wamama wa kanisa wanaleta bugali na sombe. Mwezi wa sita ukifika, amebaki na mama yake peke yake. Mwaka wa pili mama naye amechoka, na anaanza kuuliza: "Hakuna mahali wanapowatunza watu kama hawa?"

Tena si wachimbaji tu. Kuna kipofu, kuna mwenye kifafa, kuna mwenye ugonjwa wa akili, kuna yule aliyepigwa risasi wakati wa vita. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilitangaza mwaka 2022 kwamba mtu mmoja kwa kila watu sita duniani anaishi na ulemavu mkubwa. Basi hakuna ukoo ambao jambo hili haliuhusu.

Ndiyo maana wakristo wengi husema: "Tujenge nyumba, tuwakusanye, tuwatunze." Wazo hili ni jema. Huko Bukavu kituo cha SOSAME kilianza kuwapokea wagonjwa wa akili mwaka 1994, na familia nyingi zimepata msaada pale. Lakini kabla ya kuchonga matofali, au kabla ya kumpeleka ndugu yako katika nyumba ya namna hiyo, sherti tujiulize swali moja: mtu huyu atakuwa salama humo ndani, hata siku ile ambapo hakuna mgeni wa kumtazama?

USIKU MMOJA HUKO UGANDA

Karibu na Kampala, katika wilaya ya Mukono, kuna shule ya vipofu inayoitwa Salama. Jina lake linatukumbusha mji wetu. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba 2022 moto uliwaka katika bweni la wasichana. Watu 11 walikufa, wengi wao watoto. Madirisha yalikuwa na nondo.

Nondo tunaziweka sababu ya wezi, na hakuna anayefikiri vibaya anapoziweka. Lakini nondo inayomzuia mwizi asiingie inamzuia pia kipofu asitoke. Wale walikuwa watoto wa shule. Je, mtu mzima aliyepooza, analala chumba cha nyuma, na mlango umefungwa kwa kadena toka nje, na mlinzi mwenye ufunguo amekwenda kulala kwake? Hatari yake ni ile ile, au inazidi.

WATU 144 WALIKUFA AFRIKA YA KUSINI

Mfano wa pili uko mbali kidogo, lakini ni mzito kuliko wa kwanza. Huko Afrika ya Kusini, katika jimbo la Gauteng, pale penye miji ya Johannesburg na Pretoria, serikali ya jimbo ilikuwa inailipa kampuni moja, Life Esidimeni, iwatunze watu wazima wenye ugonjwa wa akili na ulemavu wa akili. Oktoba 2015 serikali hiyo ikatangaza kwamba itaukata mkataba. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kupunguza gharama. Mwaka 2016 watu zaidi ya 1,300 wakahamishwa haraka haraka. Wengine walipelekwa hospitali, na wengi wakapelekwa katika nyumba ndogo za mashirika ya kusaidia.

Watu 144 walikufa.

Mkaguzi mkuu wa afya wa nchi ile, Profesa Malegapuru Makgoba, alichunguza na kutoa ripoti mwezi wa pili 2017. Alikuta nini? Nyumba 27 zilikuwa zimewapokea watu hao, na hakuna hata moja iliyokuwa na ruhusa halali. Nyingine hazikuwa na chakula cha kutosha, wala wafanyakazi waliofundishwa kazi. Wagonjwa walifika bila karatasi zao na bila dawa zao. Familia nyingi hazikuambiwa ndugu yao amepelekwa wapi. Walizunguka nyumba kwa nyumba wakimtafuta. Wengine walikufa kwa homa ya mapafu, wengine kwa kifafa, wengine kwa njaa na kukosa maji mwilini.

Mwezi wa tatu 2018, jaji mstaafu Dikgang Moseneke aliamua kwamba serikali izilipe familia zilizoleta mashtaka. Mwezi wa saba 2024, mahakama ya Pretoria ikasema kwamba aliyekuwa mkuu wa afya wa jimbo na mkuu wa idara ya magonjwa ya akili wanabeba lawama ya baadhi ya vifo hivyo.

Angalia vizuri, ndugu. Hakuna aliyewapiga risasi watu hao. Hakuna aliyewachoma kisu. Waliuawa na karatasi iliyopotea, na kidonge kilichokosekana, na sahani isiyojaa, na familia isiyopewa habari. Mtu anaweza kufungua nyumba ya namna hiyo kwa moyo mweupe kabisa, na watu wakafia mikononi mwake.

NA SISI WA KANISA JE?

Tusiwanyoshee watu wa serikali kidole peke yao. Oktoba 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watu wenye ugonjwa wa akili wanaofungwa kwa minyororo au kufungiwa ndani, katika nchi 60 hivi za dunia. Mahali pengine walipofungwa ni manyumbani, pengine ni kwa waganga wa kienyeji, na pengine ni mahali pa maombi. Naam, mahali pa maombi.

Kuombea mgonjwa ni kazi yetu. Kumfunga mti wa nyumba kwa kamba, kumnyima chakula eti anafunga ili pepo litoke, hiyo si kazi yetu. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Kuna dawa yake, kama vile fenobarbitali, na mgonjwa huinywa kila siku. Akiachishwa ghafula, degedege linaweza kurudi kwa nguvu na kumwua. Muombee, na dawa aendelee kuinywa.

Habari ya Msamaria mwema tunaihubiri mara nyingi. Tunasimulia mafuta na divai aliyomwagia majeraha. Lakini sehemu ya mwisho tunaipita mbio. Yule Msamaria alimpeleka mgonjwa katika nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, halafu akamwambia mwenye nyumba kwamba atarudi na kulipa kinachobaki. Basi mwenye nyumba alijua kwamba siku moja ataulizwa: "Yule mtu yuko wapi? Anaendeleaje?" Huruma ya Msamaria ilikuwa na malipo, na ilikuwa na kurudi kuangalia.

MAMBO SABA YA KUANGALIA

Kama kanisa lenu linataka kufungua nyumba, au kama unataka kumpeleka mzazi, kaka ao mtoto wako aliye mtu mzima, angalia haya:

1. Ruhusa. Nyumba ijulikane kwa Zoni ya Afya, kwa ofisi ya Mambo ya Jamii, na kwa chefu wa mahali. Nyumba inayojificha ina sababu ya kujificha.

2. Milango. Usiku mlango ufunguke toka ndani bila kutafuta ufunguo. Dirisha moja la kila chumba liwe la kufunguka. Asiyeweza kutembea alale karibu na mlango, si chumba cha mwisho. Mtu mmoja akeshe, akiwa na tochi, na ndoo za maji na mchanga ziwe tayari. Mara kwa mara wafanye jaribio la kutoka: nani anambeba nani?

3. Daftari. Kila mtu awe na ukurasa wake: jina, kijiji, familia na namna ya kuipata, ugonjwa, dawa na saa ya kunywa. Kila dawa iliyotolewa iandikwe. Kila aliyeanguka, aliyepigwa au aliyekimbia aandikwe siku ile ile. Mtu akihamishwa, ukurasa wake na dawa zake zimfuate.

4. Mwili. Mtu aliyepooza asiyeweza kujigeuza, ageuzwe kila saa mbili hivi, mchana na usiku, la sivyo mgongo na matako yanatoboka vidonda, na vidonda hivyo vinaweza kumwua. Kila mwezi apimwe uzito. Akipungua, watu waulize mbele ya kaburi, si nyuma yake. Mwenye kifafa asiachwe peke yake mtoni wala karibu na moto wa kupikia.

5. Wafanyakazi. Wawe wa kutosha, wafundishwe, walipwe, na wapate siku ya kupumzika. Mtu aliyekesha siku tatu bila mshahara, hata akiwa shemasi, mkono wake unakuwa mgumu. Mwanamke aogeshwe na mwanamke. Usiku mwanamume asiingie peke yake chumba cha wanawake. Tuseme wazi: wamama na wadada wenye ulemavu wanabakwa humo ndani, na mara nyingi wanaambiwa wanadanganya.

6. Pesa. Anayeshika pesa asiwe yeye anayenunua, na asiwe yeye anayehesabu mwisho wa mwezi. Zawadi ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Hesabu isomwe mbele ya familia.

7. Siku ya kukimbia. Sisi wa Salamabila tunakumbuka mapigano ya jeshi na Mai-Mai Malaika. Tena Januari 2025 M23 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Risasi zikilia, mwenye miguu anakimbia. Asiye na miguu anakwenda na nani? Mambo haya hupangwa siku ya amani.

MGENI ASIYETARAJIWA

Jambo moja ndilo linalinda haya yote saba: mtu wa nje anayekuja bila kutangaza. Familia ikija, infirmye akija, mzee wa kanisa lingine akija, aingie mpaka jikoni, afunue sufuria, ainue blanketi. Kisha aongee na mgonjwa mwenyewe, msimamizi akiwa mbali.

Wazee husema mgonjwa haulizwi uji. Methali hii inatuhimiza tusingoje kuombwa ndipo tumsaidie mtu. Haisemi tumfunge mdomo. Mtu mzima mwenye ulemavu ni mtu mzima. Aulizwe anataka kulala saa ngapi, anataka kukaa na nani, na kama kuna mtu anayemwumiza.

Si maneno ya mchungaji tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 2015, unasema katika kifungu cha 16 kwamba nyumba na kazi zote za kuwahudumia watu hao zichunguzwe na watu wasio chini ya wenye nyumba. Kifungu cha 49 cha Katiba yetu kinawapa ulinzi wa pekee. Na tarehe 3 Mei 2022 Kongo ilipata sheria yake ya kulinda na kuendeleza haki zao. Basi mama akiuliza, "Mtoto wangu mnamfanya nini?", hatukani mtu. Anadai haki.

MLANGO WA KWANZA NI WA NYUMBANI

Mkataba ule ule, katika kifungu cha 19, unasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuishi katikati ya watu, pamoja na wengine. Kwa hiyo nyumba ya kutunzia isiwe mahali pa kumtupa ndugu. Mara nyingi, mama yule wa mwanzo hakuhitaji nyumba nyingine. Alihitaji mtu wa kumgeuza mwanawe usiku mmoja kwa juma ili naye alale. Vijana wa kwaya mko kumi na wanane: hamwezi kupanga zamu? Wachimbaji mnaogawana mchanga wa dhahabu: hamwezi kumwekea mwenzenu fungu dogo kila mwezi?

Na kama kweli hakuna njia, ndugu apelekwe mahali pa kutunzwa, basi mfuateni. Wekeni siku za kwenda kumwona, na siku nyingine nendeni bila kusema. Mtu mwenye watu wanaomwulizia hasahauliki upesi.

Ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi vya vijana:

- Katika kartye yetu, ni nani mwenye ulemavu ambaye hatujamwona tangu mwezi mzima? Nani atakwenda kumwona juma hili?
- Moto ukiwaka usiku nyumbani kwetu, nani atambeba asiyeweza kutembea, na kwa mlango gani?
- Kama kanisa letu lina mahali wanapolala wagonjwa, ni lini mtu wa nje aliingia mara ya mwisho bila kutangaza?