Sakitu ya Mtorwi

Juni ikifika, akina mama wa Misungwi, kwetu Kanda ya Ziwa, huanika vipande vya viazi vitamu juu ya majabali. Michembe hiyo hukauka upesi kwa sababu hewa ni kavu na mbingu haina wingu. Ukavu huohuo, usiku, ndio unaogandisha umande kwenye nyasi za Makete, mkoani Njombe, ambako kuna kilele cha Mtorwi.

Mtorwi una mita 2,961 na unauzidi mlima Rungwe kwa mita moja tu, ingawa Rungwe ndio wenye jina. Wengi wetu Kanda ya Ziwa tunaamini baridi ya huko inatokana na kuwa kusini. Sivyo. Makete iko digrii 9 hivi kutoka ikweta, na jua lake la mchana huchoma ngozi. Kinacholeta baridi ni kimo: kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka nyuzi 6 hivi. Ziwa letu liko mita 1,134. Kimo hicho utakiona hata jikoni: bandika sufuria ya maharage Misungwi, maji yatachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kule kileleni yatachemka kwenye 90, yatokote weee, na maharage bado magumu.

Lakini kimo peke yake hakitoshi kuleta sakitu, yaani umande ulioganda. Mchana ardhi hufyonza joto, usiku hulirudisha angani. Mawingu na mvuke hulizuia lisipotee lote, mithili ya blanketi. Sisi tuna ziwa, ambalo hupoa taratibu na kutulindia usiku wetu. Uwanda wa Kitulo, kulekule Makete, Juni na Julai hulala bila blanketi. Tena hewa iliyopoa ni nzito: huteremka kimyakimya na kutuama mabondeni. Ndiyo maana aliyepanda viazi mviringo bondeni huamka akakuta majani yamekuwa meusi kama yamepitiwa na moto, na ya jirani yake wa mteremkoni yamesalimika.

Okidi za Kitulo, eneo lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambalo watu huliita Bustani ya Mungu, hukwepa msimu huo wa sakitu kwa kujificha ardhini. Majani hunyauka, uhai ukabaki kwenye kiazi kidogo kinachosubiri mvua za Novemba. Kiazi hicho ndicho wanachokichimba watu na kukivusha hadi Zambia, kikapikwe chikanda kwa unga wa karanga. Naumia nikilifikiria hilo, kwa kuwa mmea ulioishinda sakitu hauna pa kujificha mbele ya jembe.