Johnes Obungoloch: mtafiti wa Uganda na mashine ya IRM inayosukumwa kwa magurudumu

Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, watu kumi waliunda mashine ya kupiga picha za ubongo. Wanne kati yao walikuwa wakufunzi. Sita hawakuwa na mafunzo yoyote ya kazi hiyo. Vipande vyote pamoja na zana vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi. Tangu mizigo ilipopokelewa hadi picha ya kwanza ilipoonekana, zilipita siku 11 hivi.

Dk. Johnes Obungoloch, mhandisi wa vifaa vya tiba katika chuo hicho, ndiye mwandishi wa kwanza wa ripoti ya kisayansi iliyoieleza kazi hiyo. Safari yake ya utafiti inastahili kufuatiliwa na msikilizaji wa Carama, Kinama au Buyenzi, kwa kuwa inagusa swali linalozihusu hospitali zote za ukanda huu: je, ili ubongo wa mgonjwa uonekane, ni lazima ipatikane mashine ileile inayotumika katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani?

Mashine inayosikiliza maji ya mwilini

Wanaotumia Kifaransa huiita mashine hiyo IRM; wanaotumia Kiingereza huiita MRI. Haitumii mionzi kama eksirei au skana ya CT. Hutumia sumaku na mawimbi ya redio.

Sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, na ndani ya maji mna haidrojeni. Kiini cha haidrojeni hutenda mithili ya sumaku ndogo mno. Mgonjwa anapolazwa ndani ya sumaku ya mashine, sehemu ndogo ya viini hivyo hujipanga kufuata uelekeo wake. Mashine hutuma wimbi la redio, viini hutikisika, kisha vinaporejea katika hali ya awali hutoa wimbi hafifu sana. Mashine hulipokea wimbi hilo, na kompyuta huligeuza kuwa picha. Paul Lauterbur wa Marekani alichapisha picha za kwanza za namna hii mwaka 1973. Mwaka 2003 yeye na Peter Mansfield wa Uingereza walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Anayeifahamu redio ataelewa kwa urahisi jambo linalofuata. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa tesla, na kila nguvu ina masafa yake. Mashine ya kawaida ya hospitali yenye tesla 1.5 husikiliza katika megahezi 64 hivi, chini ya masafa ya FM. Mashine ya Mbarara ina tesla 0.05 tu, yaani sehemu moja ya thelathini ya nguvu hiyo. Yenyewe husikiliza karibu na megahezi 2.1, pale ambapo MW imekwisha na SW inakaribia kuanza. Hata hivyo, udhaifu huo ni wa kulinganisha tu, kwa sababu sumaku hiyo ina nguvu karibu mara elfu moja kuliko ile ya dunia inayoielekeza dira.

Kinachoizuia mashine kubwa

Sumaku ya mashine kubwa ni koili za waya maalumu ambao hupitisha umeme bila kizuizi pale tu unapopozwa kwa heliamu hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Sumaku hiyo huwa na uzito wa tani kadhaa. Huhitaji chumba chake chenye kuta zilizofunikwa kwa madini ili mawimbi ya redio ya nje yasiingie. Huhitaji umeme usioyumba, mafundi waliosomea kazi hiyo na mkataba wa matengenezo. Bei ya mashine mpya huweza kuzidi dola milioni moja kabla jengo halijaanza kujengwa.

Mkazi wa Carama ajuaye adha ya umeme kukatika ataona tatizo liko wapi. Hata mashine ikitolewa bure na mfadhili, gharama za kuiweka hai hubaki kwa mwenyeji. Kifaa kimoja kikiharibika na fundi akawa nchi ya mbali, chumba hufungwa na wagonjwa hurudishwa.

Lakini manufaa ya kuuona ubongo ni makubwa, na Malawi imetoa mfano. Huko Blantyre, timu ya daktari Terrie Taylor iliwapiga picha watoto 168 waliopatwa na malaria ya ubongo, ikitumia mashine ya nguvu ya wastani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto 25 walifariki, na 21 kati yao walikuwa na ubongo uliovimba vibaya. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wakibishana juu ya namna malaria hiyo inavyoua. Picha ziliwaonyesha kuwa uvimbe wa ubongo ulikuwa sababu kubwa. Maarifa hayo yasingepatikana Ulaya, ambako wagonjwa wa namna hiyo ni nadra.

Swali lililoanzia kwa watoto wenye vichwa vikubwa

Utafiti wa Obungoloch ulianzia kwenye ugonjwa mwingine wa watoto, ule uitwao na wengi kichwa kikubwa. Ubongo huogelea katika maji yanayotengenezwa na kufyonzwa kila siku. Njia ya maji hayo ikiziba, hujikusanya ndani ya kichwa. Kwa kuwa mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana, kichwa hutanuka huku ubongo ukibanwa. Inakadiriwa kuwa kila mwaka zaidi ya watoto wachanga 100,000 hupatwa na hali hiyo katika Afrika kusini mwa Sahara. Nchini Uganda, wengi wao huipata baada ya maambukizi katika siku za mwanzo za uhai.

Mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, ulijulikana duniani kwa sababu ya watoto hao. Katika hospitali ya watoto ya CURE, daktari wa upasuaji Benjamin Warf aliendeleza njia ya kufungua mkondo mpya wa maji ndani ya ubongo na kuchoma sehemu inayoyatengeneza, ili watoto wengi wasilazimike kuishi na mrija kichwani. Mrija huweza kuziba wakati wowote, na mtoto anayeishi mbali na hospitali huweza kufariki kabla hajafikishwa.

Kila upasuaji ulihitaji picha kabla na baada. Skana ya CT ilipatikana, lakini hutumia mionzi, na ubongo wa mtoto mchanga haupaswi kupigwa mionzi mara kwa mara. IRM ingefaa zaidi, ila ilikuwa ghali mno. Hapo ndipo daktari wa upasuaji wa ubongo Steven Schiff, wa Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani, alipoanza kutafuta mashine ndogo iliyo salama. Obungoloch, aliyekwenda chuoni hapo kwa shahada ya uzamivu, aliifanya kazi hiyo kuwa yake.

Timu ilianza kwa kuuliza jambo dogo: daktari anahitaji kuona nini ili aamue? Kwa mtoto mwenye kichwa kikubwa, anahitaji kujua maji yako wapi, ni mengi kiasi gani, na ubongo uliobaki una unene gani. Hayo ni mambo makubwa kwa umbo, na hayahitaji picha kali ya kuonyesha kila mshipa.

Kutoka koili hadi sumaku za kudumu

Mwaka 2018 Obungoloch na wenzake walichapisha muundo wao wa kwanza. Badala ya sumaku yenye nguvu wakati wote, walitumia koili inayowashwa kwa muda mfupi ili viini vya haidrojeni vijipange, kisha inazimwa, na usikilizaji unafanyika katika sumaku dhaifu. Njia hiyo haihitaji heliamu. Lakini koili ya namna hiyo hula umeme na hupata joto, nayo ni mambo mawili ambayo hospitali ndogo haiwezi kuyapuuza.

Wakati huohuo, kundi la Andrew Webb katika Kituo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, lilikuwa likifuata njia nyingine: sumaku za kudumu, ambazo hazihitaji umeme hata kidogo ili ziwe sumaku. Muundo waliouchapisha mwaka 2019 ulikuwa na karibu vipande 3,000 vya sumaku, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 12, vimepangwa katika pete 23. Kila kipande huelekezwa kwa namna ambayo nguvu hujumlishwa ndani ya pete na kufutana nje yake. Uwazi wa katikati ni sentimita 27, unaotosha kichwa, mkono au mguu.

Mashine iliyoundwa Mbarara ilifuata mpango huo. Kila kipande kilipimwa na kupangwa, kwa kuwa sumaku mbili za kiwanda kimoja hazilingani kabisa. Pete zilijazwa, nafasi kati yake ikarekebishwa, koili zikatengenezwa na kufungwa, na mzigo wote ukawekwa juu ya kigari cha alumini. Kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi kilikuwa cha mfumo huria, ambao michoro na programu zake zinaweza kutumiwa na kurekebishwa na yeyote mwenye ujuzi. Anayeunda mashine kwa mikono yake hujua pia pa kuanzia inapoharibika.

Mipaka ya mashine ndogo

Nguvu ya sumaku ikipungua mara thelathini, wimbi linalotoka mwilini hupungua mara zaidi ya mia moja. Kwa hiyo picha huwa na ukungu, na uvimbe mdogo au mshipa mwembamba huweza usionekane. Mawimbi ya redio ya nje huingia kwa urahisi, na mwili wa mgonjwa wenyewe huyavuta kama antena. Joto nalo ni adui, kwani sumaku za aina hiyo hupungua nguvu kwa takriban sehemu moja ya elfu kila joto linapopanda kwa nyuzi moja. Katika jiji lenye joto kama Bujumbura, mashine ingehitaji kurekebishwa masafa yake mara kwa mara.

Kuna hatari nyingine iliyofichika zaidi. Akili unde inaweza kuing'arisha picha yenye ukungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na Joshua Harper pamoja na wenzake wa kundi la Schiff uliwaonyesha wataalamu picha duni za watoto wenye kichwa kikubwa. Nyingi zilionekana kufaa kwa kupangia matibabu. Lakini zilipong'arishwa na kompyuta, zilipendwa zaidi ingawa baadhi zilikuwa na maumbo yasiyo ya kweli. Katika upasuaji wa ubongo, picha yenye ukungu inayosema kweli ina heri kuliko picha safi inayodanganya.

Maana yake kwa wazazi

Mashine kama ya Mbarara haiji kuiondoa mashine kubwa katika hospitali za rufaa. Ahadi yake ni kwa vituo ambavyo leo havina chochote: kifaa kinachosukumwa kwa magurudumu, kisichohitaji heliamu, chenye sumaku isiyozimika umeme ukikatika, na ambacho gharama ya vipuri vyake haihesabiwi kwa mamilioni ya dola. Ili kifike katika mtaa kama Carama, nchi italazimika kukiidhinisha, kuwafundisha mafundi wake, na kuwa na madaktari wanaojua kukisoma.

Hadi hapo, mambo mengi hubaki mikononi mwa mzazi na mhudumu wa afya. Mtoto mchanga ambaye kichwa chake kinakua upesi kuliko kawaida, utosi wake umejaa na kukaza, macho yake yanaelekea chini, au anayetapika na kulialia bila kutulia, apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Mhudumu anaweza kupima mzunguko wa kichwa kwa utepe na kulinganisha kipimo cha leo na cha mwezi uliopita. Utosi ukiwa bado wazi, mashine ya ultrasaundi, ileile inayotumiwa kwa wajawazito, huweza kuonyesha maji yaliyojaa. Upasuaji wa mapema huokoa sehemu ya ubongo ambayo hakuna mashine, iwe kubwa au ndogo, inayoweza kuirudisha baadaye.