Jemadari wa Gobori

Wanachama wenzangu, katika mchezo wetu wa hadithi na dadu tayari tunaye Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo ambaye siri ya nguvu zake ilikuwa kivulini. Sasa kila mtu anataka kiongozi mwenye bunduki. Lakini ukimpa bunduki ya sinema, atamaliza maadui wote peke yake na sisi wengine tutabaki kupiga miayo. Huyo si kiongozi!

Mfano mzuri ni Mirambo, mtemi wa Unyamwezi, aliyeanza kupigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 na kufariki 1884. Askari wake, rugaruga, walikuwa na magobori. Gobori hutiwa baruti na risasi mdomoni, kisha hushindiliwa kwa ufito. Baruti ikilowa, hailipuki.

Basi kanuni ni hizi. Jemadari akifyatua mara moja, zamu mbili zinazofuata anashindilia. Mvua ikinyesha, gobori ni rungu tu. Lakini anaposhindilia anatoa amri, na mwenzake mmoja anarusha dadu mara mbili. Bila wenzake, hafiki popote. Kidole kimoja hakivunji chawa, jamani!

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu