Kununua fleti Kilimani: Mfanyabiashara wa nchi jirani anapata nini?

Wafanyabiashara wengi wanaopita Namanga kwenda Nairobi wamezoea kulala hotelini. Sasa baadhi yao wanafikiria kununua fleti katika mtaa wa Kilimani, ambako nyumba za zamani zenye bustani kubwa zimebomolewa na nafasi yake kuchukuliwa na maghorofa. Maduka, migahawa na benki viko karibu, na Yaya Centre inafikika kwa miguu. Hata hivyo, kabla ya mtu kuuza lori ili apate fedha za kununulia, inafaa ajue hasa anachonunua.

Umiliki wa sehemu

Mnunuzi wa fleti hanunui kiwanja. Sheria ya Kenya ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inampa kila mwenye fleti hati yake mwenyewe, pamoja na hisa katika maeneo ya pamoja kama ngazi, lifti na maegesho. Wenye fleti wote huunda shirika linalosimamia jengo. Shirika hilo hutoza ada ya ulinzi, usafi na matengenezo, na asiyelipa hudaiwa kisheria. Ada hiyo hulipwa hata kama mwenye fleti yuko safarini miezi sita.

Asiye raia

Soko la pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 2010, halikufungua milango ya ardhi. Itifaki yake inasema suala la ardhi litafuata sheria za kila nchi. Kwa mujibu wa Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa mkataba wa kukodi tu, usiozidi miaka 99. Kufungua kampuni na mshirika Mkenya hakubadilishi jambo hilo, kwani kampuni huhesabiwa kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa yote na raia.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: miaka mingapi imebaki? Fleti yenye miaka 30 iliyobaki haiwezi kuwa na thamani sawa na yenye miaka 90.

Gharama na hatari

Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani. Kwa fleti ya shilingi milioni 12 za Kenya, ushuru ni shilingi 480,000, mbali na malipo ya wakili.

Hatari kubwa zaidi ni kulipia fleti ambayo bado haijajengwa. Iwapo kiwanja kimewekwa rehani benki na mjenzi akashindwa kulipa, benki ina haki ya kwanza. Mnunuzi anaweza kubaki na risiti tu. Hati ihakikiwe kwanza kupitia Ardhisasa, mfumo wa kompyuta wa Wizara ya Ardhi uliozinduliwa mwaka 2021, na wakili awe wa mnunuzi, si wa muuzaji.

Wasafirishaji nao wakumbuke kuwa maegesho ya fleti ni ya magari madogo. Lori litahitaji yadi yake, na kodi ya yadi iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Mfanyabiashara anayelala Nairobi siku nne kwa mwezi apige hesabu ya hoteli na ya fleti, kisha azilinganishe. Mtaji ukishaingia ukutani hautoki haraka.