Fundi Kompyuta wa Chuga: Pima Kwanza, Bei Baadaye

Oya machalii, kama umemaliza shule, mishe zimegoma na unapenda kufungua vitu uone ndani kuna nini, sikia: ufundi kompyuta ni mchongo wa kweli hapa Chuga, yaani Arusha. Kampuni za utalii zimejaa mjini, vyuo vimetapakaa toka Njiro mpaka Tengeru, steshenari ziko kila kona. Mashine ikizingua, wengi hawana hela ya mpya. Wanatafuta fundi.

Na mashine za huku zinazingua kweli. Udongo wa chini ya Meru ni wa volkano. Mlima wenyewe ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Kiangazi, lile vumbi laini linaingia kila tundu. Fungua laptopu iliyorudi na watu wa safari kutoka Ngorongoro: feni imevaa blanketi la vumbi, joto halina pa kutokea, mashine inajizima yenyewe. Hapo hununui kifaa. Unapiga brashi, unapuliza, unafuta grisi iliyokauka juu ya prosesa, unapaka mpya, unafunga. Mteja anasepa anacheka.

Wanaotuchafulia kazi ni makanjanja. Mteja anasema haiwaki, kanjanja hapohapo anajibu, "Mazabodi imekufa, lete laki na nusu." Hata mita hajashika! Amekisia tu, na mwenye mashine ndiye anapigwa.

Fundi mwenye akili anaanza na maswali. Iliangushwa? Ilimwagikiwa chai? Umeme ulikatika ukarudi kwa fujo? Kisha anachukua chaja, anasoma maandishi yake. Nyingi zimeandikwa volti 19 au 19.5. Anaweka mita kwenye DC, anagusa ncha. Ikisoma sifuri, umeshajua pa kuanzia: chaja au waya wake, na mashine yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa. Ikisoma vizuri, anaangalia tundu la chaji kama linacheza. Anachomoa chaja na betri, anabonyeza kitufe cha kuwashia kama nusu dakika, anachomeka chaja peke yake, anajaribu tena. Feni ikizunguka lakini kioo kikabaki cheusi, anachomoa ramu, anasugua meno yake taratibu kwa raba safi, anairudisha mpaka isikike "ka!". Mashine kibao zimefufuka hapo. Mazabodi inasubiri mwisho wa foleni.

Mambo haya unaweza kuyapata darasani. Chuo cha Ufundi Arusha kipo toka 1978, kilianza kwa ushirikiano na Ujerumani, na umeme na kompyuta vinafundishwa pale. Ada ikigoma, tafuta fundi mwenye mikono, kaa naye, fagia, shika tochi, uliza. Anza na mita, seti ya bisibisi, brashi na mashine mbovu za kuchezea. Wazee wetu nafasi hii hawakuipata: mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Leo laptopu za mtumba ziko kila mahali, na anayejua kuzifufua ana kazi mkononi.

Kuna kitu kingine, na hapa nakaza. Picha, meseji na mafaili ya mteja hayakuhusu. Usifungue, usikopi, usimwonyeshe mshkaji. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini hata bila sheria, dada wa watu amekuachia maisha yake yote ndani ya hiyo hadi diski. Kabla hujapiga windo upya, muulize vitu vyake viko wapi, vihamishe, hakikisha vinafunguka, ndiyo ufute.

Kwa hiyo chalii wangu, mteja akija, mwonyeshe namba kwenye mita kabla hujataja bei. Kifaa ulichotoa mkabidhi mkononi. Kama tatizo lilikuwa vumbi tu, mwambie ni vumbi, mtoze hela ya usafi. Leo utaona umekosa laki. Lakini huyo mteja wa Ngarenaro atamleta jamaa yake wa Sakina, na jamaa atakuja na mashine za ofisi nzima. Mkwanja wa fundi unakaa kwenye jina lake, na jina linajengwa na mtu anayepima.